Mamilioni ya mpokeaji yako kwenye mkataba wa pili

Swali: "Kaka, naishi Houston na kijana wangu wa kwanza ana miaka 17. Anacheza futiboli ya Kimarekani kwenye timu ya shule, nafasi ya mpokeaji, yule anayekimbia kudaka pasi, na makocha wa vyuo wameanza kumwandikia. Hesabu na fizikia anaziweza vizuri, na siku zote alisema atasoma uhandisi. Sasa mjomba wake kamwambia aachane na masomo magumu akaze mpira, kwa sababu mpokeaji akiingia NFL, ile ligi ya kulipwa, hata kwa miaka mitatu tu anatoka na mamilioni ya kumtosha maisha. Naomba unieleze kazi hiyo inakwendaje tangu mtu anaingia mpaka anatoka, na hizo fedha zinazotangazwa anazipata nani."

Dada, mjomba hajasema uongo. Mamilioni yapo. Machi 2025 Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals alisaini miaka minne kwa dola milioni 161, na kati ya hizo milioni 112 zimedhaminiwa. Juni 2024 Justin Jefferson wa Minnesota Vikings alisaini miaka minne kwa milioni 140, milioni 110 zikiwa za uhakika. Ndizo habari zinazomfikia mjomba kwenye simu. Ambacho habari hizo hazisemi kwa sauti ni kwamba wote wawili walikuwa wameshacheza misimu minne kabla ya kuushika wino huo. Mjomba anautazama mkataba wa pili wa mtu, halafu anaupigia hesabu kwenye miaka mitatu ya kwanza. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kijana wa chuo huingia NFL kwa mlango mmoja mkubwa, drafti ya kila Aprili, ambapo timu 32 huchagua wachezaji kwa raundi saba. Haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Akishachaguliwa, bei yake imeshapangwa. Tangu mkataba wa pamoja wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, namba uliyochaguliwa ndiyo inayoamua utalipwa kiasi gani, na nafasi ya kubishana ni ndogo sana. Mkataba ni wa miaka minne. Kwa wa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Na hata ukiwaka moto, huruhusiwi kudai mkataba mpya mpaka msimu wa tatu uishe. Ni sawa na mkulima wa Mtwara aliyeuza korosho zake kwa kangomba zikiwa bado maua: zikizaa kupita kiasi, faida ni ya mnunuzi.

Mtazame Puka Nacua. Los Angeles Rams walimchukua raundi ya tano, namba 177, mwaka 2023. Msimu huohuo wa kwanza alidaka mipira 105 na kuusogeza mpira mbele yadi 1,486 (yadi haifiki mita moja), wakati huo zote mbili zikiwa rekodi kwa mchezaji mpya katika historia ya ligi. Mkataba wake ulikuwa wa takriban dola milioni 4 kwa miaka minne. Hata Jefferson, aliyechaguliwa raundi ya kwanza namba 22 mwaka 2020, miaka yake minne ya mwanzo ilikuwa na thamani ya takriban milioni 13, na huyo ndiye aliyepata yadi 1,809 msimu wa 2022. Kwa mtu wa kawaida ni fedha nyingi mno, sibishi. Lakini hao ni wawili waliofanikiwa kuliko karibu wote wa rika lao, kwa hiyo hawatuambii lolote kuhusu kijana wa katikati.

Kijana wa katikati anaanzia kwenye hesabu ngumu. Shule za sekondari za Marekani zina wachezaji wa mchezo huu zaidi ya milioni moja. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kinakadiria kwamba kati ya wachezaji wa vyuo waliofikia muda wa kuingia drafti, wanaochaguliwa ni asilimia 1.6. Na hiyo ni kwa nafasi zote uwanjani. Timu moja ya NFL hubaki na wapokeaji watano au sita, basi ligi nzima haifiki nafasi 200, na kila mwaka wanachaguliwa wapokeaji wapya thelathini hivi, bado hujahesabu wale wasiochaguliwa wanaoingia kwa mkataba wa miaka mitatu. Anayeingia lazima amtoe mtu.

Kutoana huko hufanyika mwishoni mwa Agosti. Timu huingia kambini na watu 90 na lazima wabaki 53. Kwa ligi nzima ni karibu watu 1,200 wanaopoteza nafasi kwa mkupuo mmoja. Wengine hurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, watu 16 kwa kila timu, ambao kwa kawaida wanafanya kila kitu isipokuwa kucheza mechi. Mwaka 2025 kima chao cha chini kwa chipukizi kilikuwa dola 13,000 kwa wiki. Ukipata wiki zote 18 za msimu unafika 234,000, lakini wengi hawazipati zote, maana wanaachwa Jumanne na kuitwa na timu nyingine Alhamisi. Hao ndio wapokeaji wa NFL ambao huwaoni kwenye habari za mjomba. Wanaishi hotelini na begi moja.

Aliyebaki kwenye 53 akiwa mgeni, yaani mwaka wake wa kwanza kwenye ligi, alilipwa kima cha chini cha dola 840,000 mwaka 2025. Ondoa hadi asilimia 3 ya wakala, ondoa kodi ya serikali kuu, ondoa kodi za majimbo. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ila ukienda kucheza California, California inachukua sehemu yake kwa siku ulizofanya kazi huko. Kitakachobaki mkononi ni nusu na kidogo. Na tuseme wazi jambo ambalo mawakala hawaliweki kwenye karatasi zao: kijana wetu akionekana kwenye televisheni mara moja, simu za nyumbani zitaanza kuingia. Ada ya mtoto wa shangazi, bati za babu, harusi. Sisemi asisaidie. Nasema mjomba aliposema "mamilioni ya kumtosha maisha" hakujihesabu yeye mwenyewe.

Sasa muda. Chama cha wachezaji, NFLPA, kwa miaka mingi kimetaja wastani wa miaka 3.3 kwa kazi ya mchezaji wa NFL. Ligi hujibu kwamba mtu akianza msimu wake wa kwanza akiwa kikosini, wastani wake unafika miaka sita, na wa raundi ya kwanza hufika tisa. Pande zote mbili ziko sahihi, zinahesabu watu tofauti. Mmoja anahesabu kila aliyepita mlangoni, mwingine anahesabu waliopewa kiti. Kwako wewe, mama wa kijana ambaye bado hata chuo hajaingia, hesabu ya NFLPA ndiyo inayokufaa.

Weka miaka 3.3 karibu na mkataba wa miaka minne, utaona tatizo lenyewe. Mchezaji huwa huru kuuza kazi yake kwa timu yoyote baada ya misimu minne iliyohesabiwa. Mtu wa wastani anaondoka kabla hajafika kwenye huo uhuru. Na haondoki kwa sababu kila mara amekuwa mbovu. Kima cha chini kinapanda kwa kila mwaka wa uzoefu: mwaka 2025 mgeni alikuwa 840,000, mwenye misimu minne milioni 1.17, mwenye saba na zaidi milioni 1.255. Timu ina ukomo wa jumla ya mishahara. Mpokeaji wa tano na mgeni wa raundi ya sita wakiwa wanakaribiana, kocha anaweza kumtaka mkongwe, lakini mhasibu anamtaka mgeni, na mara nyingi mhasibu hushinda.

Mpokeaji wa nne, wa tano na wa sita wanaishi kwa kitu kingine kabisa, nacho ni timu za mateke. Mpira unapopigwa mguu, kuna watu wanaotumwa kukimbia uwanja mzima na kumwangusha anayeurudisha, na kazi hiyo wanaifanya hao hao. Kijana aliyekuwa nyota chuoni, ambaye hajawahi kumkaba mtu maishani mwake, anaambiwa akafanye hivyo au aondoke. Matthew Slater alichaguliwa na New England Patriots mwaka 2008 akiwa mpokeaji. Kwa misimu 16 alidaka mpira mmoja tu. Mmoja! Alibaki kwa sababu kwenye timu za mateke hakuwa na mfano, akachaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, mara 10 na kubeba Super Bowl, fainali ya ubingwa, mara tatu. Nikiulizwa ni kazi ipi ya mpokeaji iliyonivutia kuliko zote, huwa nashawishika kumtaja yeye, ingawa wapenzi wa Jerry Rice watanirushia mawe.

Kisa ambacho ningependa kijana wako akijue kwa undani ni cha Victor Cruz, kwa sababu ndani yake mna kila kitu: bahati, juhudi, mkataba na goti.

Cruz alitoka Paterson, New Jersey, akasoma University of Massachusetts. Mwaka 2010 raundi zote saba za drafti zilipita bila jina lake kutajwa. New York Giants walimchukua bure, kwa ule mkataba wa wasiochaguliwa. Mwaka 2011 wenzake wakaumia, akapata nafasi, akamaliza msimu na yadi 1,536, ikiwemo mechi dhidi ya New York Jets alipodaka mpira na kukimbia yadi 99 mpaka mstari wa mwisho. Giants wakachukua Super Bowl ya msimu huo. Akifunga alicheza salsa, na jiji zima likaijua ngoma yake. Mwaka huo wote alikuwa analipwa kima cha chini. Kumbuka hilo: msimu bora wa maisha yake, nyota wa New York, mshahara wa mtu wa mwisho kikosini.

Fedha zilikuja Julai 2013: nyongeza ya miaka mitano, dola milioni 43. Magazeti yaliandika 43. Zilizodhaminiwa zilikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Tarehe 12 Oktoba 2014, ugenini Philadelphia, aliruka kudaka mpira kwenye eneo la kufungia, na kano ya goti lake la kulia ikakatika akiwa hewani kabla hata hajaguswa. Msimu wa 2015 wote hakucheza, sasa ikiwa ni msuli wa ndama. Mwaka 2016 alikubali kupunguziwa mshahara ili abaki. Februari 2017 Giants wakamwacha. Alikwenda Chicago Bears kambini, akaachwa kabla msimu haujaanza, na hakucheza tena mechi ya ligi. Alikuwa na miaka 30.

Sehemu kubwa ya zile milioni 43 hakuiona, na hakuna aliyemwibia. Mikataba ya NFL ndivyo ilivyo: timu inaweza kuuvunja, na inachodaiwa ni kile kilichodhaminiwa na kile kilicholipwa kama fedha za kusaini. Kwenye mpira wa kikapu wa NBA mishahara mingi hudhaminiwa, huku sivyo. Ukisikia mkataba wa mpokeaji, usiulize jumla. Uliza kilichodhaminiwa ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kama dhamana hiyo inahusu kuumia peke yake au pia timu ikimwacha kwa kuona ameshuka kiwango. Kwa wa raundi za mwisho na wasiochaguliwa, kinachodhaminiwa mara nyingi ni fedha ya kusaini tu, wakati mwingine makumi ya maelfu ya dola.

Kuna kisa kingine, ambacho kinamhusu mtoto wa wahamiaji kama wako. Nelson Agholor alizaliwa Lagos, akaletwa Tampa, Florida, akiwa na miaka mitano. Philadelphia Eagles walimchagua raundi ya kwanza, namba 20, mwaka 2015. Misimu miwili ya mwanzo alidondosha mipira hadi akawa kichekesho. Msimu wa tatu akahamishiwa ndani, karibu na safu ya katikati, akabadilika, na kwenye Super Bowl ya Februari 2018 alidaka mipira tisa, Eagles wakatwaa ubingwa wao wa kwanza wa enzi ya Super Bowl. Timu ikautumia ule mwaka wa tano wa hiari, ukamlipa zaidi ya dola milioni 9 mwaka 2019. Mwaka huohuo akarudia kudondosha. Jengo liliungua Philadelphia, jamaa mmoja akasaidia kudaka watoto waliorushwa kutoka dirishani, na mbele ya kamera akasema wao waliwadaka, si kama Agholor. Mchezaji akamjibu kwa kumkaribisha uwanjani. Ninampenda kwa hilo.

Lakini soko halikucheka. Mwaka 2020 alisaini Las Vegas Raiders kwa mwaka mmoja, kwa karibu kima cha chini cha mkongwe. Kutoka milioni 9 hadi milioni 1 ndani ya miezi. Akapata yadi 896 na kufunga mara 8, na mwaka uliofuata New England wakampa miaka miwili kwa milioni 22. Hiyo ndiyo kazi ya mpokeaji mzuri wa kawaida, dada: haipandi kama ngazi. Mwaka mmoja wa mikono mizito unakurudisha sakafuni, na mwaka mmoja wa mikono myepesi unakupandisha, endapo umri na goti bado vinaruhusu.

Basi ni nini kinachomfikisha mtu kwenye mkataba wa pili? Hapa ndipo ninapotofautiana na mjomba kabisa, kwa sababu anadhani ni mbio, na mbio ni za mwili, kwa hiyo vitabu vikae pembeni.

Mbio hufungua mlango. Kila mwaka Indianapolis, vijana hupimwa yadi 40, kama mita 36 na nusu. Mwaka 2017 John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi iliyodumu mpaka Xavier Worthy alipofika 4.21 mwaka 2024. Cincinnati wakamchukua Ross namba 9. Msimu wake wa kwanza hakudaka mpira hata mmoja, na mpaka anaondoka kwenye ligi hakuwahi kufikisha yadi 1,000 kwa msimu. Mwaka huohuo wa 2017, raundi ya tatu, namba 69, Rams walimchukua Cooper Kupp kutoka Eastern Washington, chuo ambacho hakichezi hata kwenye ngazi ya juu. Yadi 40 alikuwa amezikimbia kwa 4.62. Mwaka 2021 Kupp aliongoza ligi kwa vitu vyote vitatu: mipira 145, yadi 1,947, kufunga mara 16, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl.

Tofauti yao haionekani kwenye saa. Mpokeaji haukimbilii mpira ili aukute, kama mshambuliaji wa soka anavyofukuzia pasi. Kila mchezo una njia aliyopangiwa, na kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi, huachia mpira kabla mpokeaji hajageuka. Chukua njia moja ya kawaida: unakimbia mbele kama yadi 12 ukimfanya mlinzi aamini unakwenda mpaka mwisho, kisha unakata kuingia ndani ya uwanja. Mpira umeshatoka mkononi wakati bado umempa mgongo kwotabeki. Ukikata kwenye yadi 10 badala ya 12, au ukichukua hatua tano za kupunguza kasi badala ya tatu, mpira unamkuta mpinzani. Na ni jina la kwotabeki litakaloandikwa kwenye takwimu kwamba karusha vibaya, kwa hiyo safari ijayo hatakutazama.

Zaidi ya hapo, njia nyingi zina chaguo. Walinzi wawili wa nyuma wakigawana uwanja, unafanya hivi. Akibaki mmoja katikati, unafanya vile. Mlinzi akikubana tangu mstarini, njia inabadilika kabisa. Uamuzi huo unafanywa na watu wawili walio mbali, bila kuongea, ndani ya sekunde moja na nusu, na lazima wafikie jibu moja. Kitabu cha michezo cha timu ni kinene na kinabadilika kila wiki kufuata mpinzani. Nimewaona vijana wenye miguu ya ajabu wakikwama kwa sababu hawakuweza kukishika kichwani. Nimewaona pia vijana wa mbio za wastani, wenye akili ya pembe na umbali, wakidumu. Kijana wako anayefurahia fizikia ana kitu ambacho kocha wa wapokeaji anakitafuta, na mjomba anamwambia akitupe.

Jerry Rice, aliyeshika rekodi zote kubwa za nafasi hii, yadi 22,895 na mipira 1,549, alicheza misimu 20. Wachezaji 15 walichaguliwa kabla yake mwaka 1985, kwa sehemu kwa sababu wapimaji walimwona si mwepesi vya kutosha, na alitoka chuo kidogo, Mississippi Valley State. Alipokuwa San Francisco 49ers alijulikana kwa kupanda mbio kilima kirefu cha San Carlos wakati wenzake wako likizo. Ila nakuonya: Rice si kipimo. Larry Fitzgerald alidumu misimu 17 Arizona, naye si kipimo. Mkiwaweka hao mezani kama mfano wa kawaida, mtakuwa mmerudi kwenye hesabu ya mjomba.

Kawaida ni kwamba kufika miaka 30 mpokeaji anaanza kutazamwa kwa wasiwasi, hata akiwa bado anacheza vizuri. Rams walimwacha Kupp Machi 2025, akiwa na miaka 31, baada ya misimu kadhaa ya majeraha, Seattle wakamchukua. Wengine hujiondoa wenyewe. Calvin Johnson wa Detroit Lions, aliyeweka rekodi ya yadi 1,964 msimu mmoja mwaka 2012, alistaafu akiwa na miaka 30 baada ya misimu tisa, mwili ukiwa umechoka. Timu ikamdai arudishe sehemu ya fedha za kusaini, na mgogoro huo ulichukua miaka. Mwaka 2021 aliingia Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa mchezo huu.

Na kichwa. Hili silipitii haraka. Demaryius Thomas, bingwa na Denver Broncos, alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 33. Vincent Jackson, aliyecheza San Diego na Tampa Bay, alifariki Februari mwaka huohuo akiwa na miaka 38. Ubongo wa kila mmoja ulichunguzwa Boston University, na wote wawili walikutwa na CTE hatua ya pili, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Si kwamba ndio uliowaua, na si kila mchezaji ataupata. Lakini kwa sasa kuuthibitisha kunawezekana baada ya kifo tu, na migongano midogomidogo ya sekondari na chuoni nayo inahesabika. Kijana akipata mtikisiko wa ubongo, mpokonye helmeti mpaka daktari asiye wa timu aseme sawa. Kocha akinuna, anune.

Ile miaka mitatu ya mjomba ina thamani moja halisi, na ni haki nimpe: misimu mitatu iliyohesabiwa ndiyo inayompa mchezaji haki ya pensheni ya ligi na baadhi ya mafao ya matibabu baada ya kustaafu. Ni jambo zuri, ila pensheni hailipwi mtu wa miaka 26. Huyo anahitaji kazi nyingine kwa miaka 35 inayofuata.

Kuhusu uhandisi, mwambieni kijana asome habari za Josh Dobbs. Ni kwotabeki, si mpokeaji, ila alimaliza shahada ya uhandisi wa anga University of Tennessee huku akicheza, akachaguliwa raundi ya nne mwaka 2017, na amefanya mafunzo NASA akiwa tayari mchezaji wa NFL. Ratiba ni ngumu, siwezi kukudanganya. Maabara za mchana hugongana na mazoezi, na vyuo vingine humsukuma mchezaji kwenye kozi nyepesi ili asisumbue ratiba. Ndiyo maana swali hilo liulizwe mapema.

Sasa ya kufanya. Texas tangu 1984 ina sheria ya kutofaulu, kutocheza: akipata chini ya 70 kwenye somo, anasimamishwa mechi. Kwa hiyo hata ushauri wa kuacha vitabu, hapo mlipo, ungemtoa uwanjani kabla ya chuo. NCAA kwa Division I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0 katika hayo, na 10 kati yake yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza. Kama amefika mwaka huo, nenda kwa mshauri wa masomo wiki hii ukahesabu naye.

Makocha wa vyuo wakija nyumbani, wapikie, wakaribishe, halafu waulize. Wapokeaji wangapi mlionao ni wa mwaka wa kwanza na wa pili? Mwaka jana mlichukua wapokeaji wangapi kutoka vyuo vingine? Swali hili la pili ni zito, kwa sababu siku hizi wachezaji huhama vyuo bila kukaa nje msimu, na kocha mwenye haraka hupenda mtu mzima wa miaka 22 kuliko mtoto wa sekondari. Kuna mchezaji wenu yeyote anayesoma uhandisi sasa hivi, na tunaweza kuongea naye? Akiumia, masomo yake yanaendelea kulipiwa, na hilo limeandikwa wapi? Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo uliza pia kiasi, kwa muda gani, na uone karatasi. Na kama kijana hana uraia wala makazi ya kudumu, anasoma kwa viza ya F-1, usisaini chochote cha fedha kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji, maana malipo ya aina hiyo yanaweza kuharibu viza yake.